Hadithi za kutisha za milimani: kwa nini tunaazima majini ya pwani wakati kwetu wapo wanaopiga hodi?

#1 Meku Kijana

Wakuu, habari za jioni.

Miaka kadhaa sasa nasoma hadithi fupi za kutisha zinazowekwa humu na kwenye magrupu ya WhatsApp. Kuna kitu kinanikera, leo nakitoa. Unakuta mwandishi kazaliwa Rombo, kakulia Rombo, bibi yake bado yuko Rombo, lakini akikaa kuandika anatuletea mwanamke mwenye kwato za punda anaomba lifti usiku barabara ya Tanga. Simdharau huyo dada, ana watu wake na barabara yake. Popobawa naye mwaka 1995 aliwatoa watu wa Pemba na Unguja ndani, wakalala nje kwa makundi. Hiyo ni mali ya kule, wenyewe wanaijua ladha yake. Ila wewe uliyelala utotoni ukisikia jani la mgomba linajikuna kwenye bati usiku kucha, kweli huna cha kwako?

Hoja yangu ni hii. Vitisho vingi vya pwani vinakuvamia: vinakupanda kifuani, vinakukaba, vinakufukuza. Vya milimani, angalau huku kwetu Uchagani, vinakuja kwa adabu. Vinapiga hodi, vinaomba kitu kidogo, na mila inakubana usikatae. Hofu yenyewe imekaa hapo kwenye kushindwa kukataa.

Chukueni ile tunayoijua wote, ya Kibo na Mawenzi. Mawenzi moto umezimika kwake. Anakwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, anamkuta anatwanga ndizi kavu kwenye kinu. Kibo anampa moto, na kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu, anampa na ndizi. Mawenzi akifika njiani anauzima moto makusudi, anarudi. "Moto umezimika tena." Anapewa tena, na ndizi tena. Mara ya tatu Kibo anachukua mchi, anamtwanga nao, ndiyo maana mpaka leo Mawenzi kakaa vipandevipande vile. Tunawasimulia watoto, wanacheka. Mimi hadithi hiyo ilinitisha nikiwa na miaka kama saba, na sikuogopa kile kipigo. Niliogopa ule mlango. Kuna mtu anakuja usiku, anaomba kitu ambacho jirani hanyimwi, unajua anakudanganya, na bado inabidi umpe.

Halafu wapo Wakonyingo, wale watu wadogo wa juu kabisa, wenye vichwa vikubwa. Bibi alisema hawalali chini. Wanaegemea ukuta, kwa sababu mmoja wao akianguka hawezi kuinuka mwenyewe, kichwa kinamlemea. Ndiyo maana kila mmoja ana pembe kiunoni, akianguka anapuliza wenzake waje kumwinua. Kuna mtu alipanda na nyama yake, akawakuta, akadhani watoto. Akawauliza, "Wazee wenu wako wapi?" Wakamwambia, subiri. Akasubiri mpaka jua likazama. Hakuja mzee yeyote. Alikuwa kasimama mbele ya wazee wenyewe tangu asubuhi, kawavunjia heshima na hajui. Akateremka na nyama yake na laana yake.

Nina hadithi fupi niliyoiandika kwa mtindo huo, nitaiweka hapa chini. Kabla ya hapo nataka kusikia za kwenu. Wasambaa, Wapare, Waluguru, Wanyakyusa, mko wapi?

#2 Kibuyu Kitupu

Chai. Tena haina hata tangawizi.

Kibo na Mawenzi ni volkeno mkuu, hakuna aliyempiga mwenzake mchi. Mawenzi ni mzee zaidi, amelika kwa mvua na barafu miaka na miaka. Kibo ana mita 5,895, mwenzake 5,149, imeisha hiyo. Tuache kulisha watoto ujinga.

#3 Meku Kijana

Mkuu Kibuyu, umenisaidia bila kujua. Umesema Mawenzi ni volkeno iliyotangulia kufa. Kibo mpaka leo kule juu kwenye shimo lake la ndani kuna matundu yanatoa mvuke na harufu ya salfa. Yaani aliyezimikiwa moto ni Mawenzi, mwenye moto ni Kibo. Bibi yangu hakusoma jiolojia na hajawahi kufika juu kule. Sasa nani alimwambia?

#4 Mlokole86

Watumishi, mnafungua milango ambayo kuifunga ni kazi. Haya mambo ya mizimu tulishayatubu. Mimi napita tu, lakini nawaombea.

#5 Kibuyu Kitupu

Mlokole unapita tu lakini umesoma mpaka mwisho 😂

#6 Binti wa Lushoto

Nimeitwa nimekuja. Shikamooni wakubwa.

Kwetu Usambara aliyepiga hodi alipewa nchi nzima. Namzungumzia Mbegha. Hii habari tunaipata kwa wazee, na ipo pia kwenye *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi, Kiswahili kitamu cha zamani, mkiipata isomeni. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Ungulu. Alizaliwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota. Wote tunajua watoto wa namna hiyo walifanywa nini zamani: hawakuachwa waishi, ilisemekana watamaliza ukoo. Yeye akaachwa. Ndugu zake wakaanza kufa, wakamnyima urithi, akakimbilia Kilindi. Huko akawa anawinda na mtoto wa mkubwa wa pale, yule mtoto akafa mawindoni. Akakimbia tena, akaingia milimani kwetu na mbwa wake.

Angalieni alivyoingia. Hakuja na vita. Alikuja na nyama ya nguruwe. Watu waliona moshi porini, wakamfuata, akawapa nyama, wao wakampa vyakula vya shamba. Kesho tena. Akawa anaamua kesi zao. Akaua simba aliyevamia ng'ombe. Mwisho wakamjengea nyumba Vugha wakamwita Simba Mwene. Ukisoma haraka ni hadithi ya shujaa. Ukisoma polepole, ukiwa peke yako, usiku, ni mtu ambaye kila nyumba iliyomfungulia kuna aliyekufa, na sasa ameketi juu ya kigoda cha nchi yenu, na ninyi ndio mliomkalisha.

Hadithi ninayotamani kuiandika ni ya mama mmoja wa Vugha. Mwanawe aliota meno ya juu, akachukuliwa, hakurudishwa. Miaka miwili baadaye anapeleka unga kwa mfalme, anapiga magoti, mfalme anacheka kwa furaha, na mama anayaona yale meno. Nimekwama hapo. Sijui mama anafanya nini.

#7 Meku Kijana

Binti wa Lushoto, umenikalisha. Usimpe mama kisu, tafadhali. Kila mtu atampa kisu.

#8 Binti wa Lushoto

Sikuwa na mpango wa kisu kaka. Nilifikiri amlishe tu. Kila siku amletee unga laini kama anaomlisha mtoto.

#9 Lupanga

Mleta uzi, hoja yako Uluguru inavunjika, samahani.

Kwetu kuna Kolelo. Ni nyoka, au mzimu uliokaa kwa sura ya nyoka, ndani ya pango upande wa mashariki wa milima. Yeye haji kwako hata siku moja. Wewe ndiye unayefunga safari na sadaka yako, mvua imegoma, mahindi yamejikunja, unapanda, unafika mlangoni pa pango, unasema shida yako gizani. Halafu unasubiri sauti. Mwaka 1905 jina la Kolelo lilikuwa midomoni mwa watu milima yote, kipindi kile cha Maji Maji, Wajerumani wenyewe walikuja kuandika habari zake.

Kwa hiyo kwetu mpiga hodi ni mtu. Mimi nikiandika ya kutisha nitaanza na mwanamume anayekwenda pangoni, anauliza swali lake, na anajibiwa na sauti anayoifahamu. Sauti ya mkewe aliyemwacha nyumbani.

#10 Kibuyu Kitupu

Lupanga hiyo ya mke umenishika. Mnanifanya niache mechi.

#11 Mtu wa Nyeri

Hamjambo watu wa Tanzania. Huku kwetu chini ya Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, tulikuwa na irimu. Wengi wanamtafsiri zimwi, basi picha inayokuja ni jitu kubwa na rungu. Lakini katika hadithi za cucu, yaani bibi, irimu anakuja ngoma akiwa kijana mtanashati kuliko wote. Amejipaka mafuta vizuri, nywele ndefu zimeanguka kisogoni. Wasichana wanapigania kucheza naye. Anayempata anamsindikiza kwao, na njia inazidi kuwa ndefu. Msichana akiwa nyuma yake, upepo unainua nywele, anaona mdomo wa pili kisogoni, na mdomo huo unakamata nzi.

Naungana na Meku. Hakuna aliyelazimishwa. Msichana alijitolea kumsindikiza mgeni, ni heshima tu. Na kuna kitu kidogo: huo mdomo wa nyuma hausemi kitu. Wa mbele ndio unaongea vizuri.

#12 Mpare wa Mjini

Nimechelewa, mtandao wa huku ni wa kubahatisha. Mimi nina ya ndiva.

Kwa wasiojua, ndiva ni bwawa la kuzuia maji Upare. Maji yanajaa usiku, asubuhi tundu linafunguliwa, mashamba ya chini yanagawiwa kwa zamu. Nikiwa darasa la tano nilipelekwa na mjomba kulinda ndiva usiku kwa sababu kuna mtu alikuwa anaiba maji. Mjomba akalala. Mimi nikabaki macho. Usiku ule sikuona kitu chochote, mniamini. Kilichonitisha ni kwamba maji yalikuwa yanapungua na tundu limefungwa. Nimekaa nimelikalia kabisa lile gogo la tunduni. Maji yanashuka, tope linaonekana, na hakuna yanakokwenda.

Asubuhi mjomba aliangalia, akasema, "Wametangulia wenyewe." Hakuongeza neno. Hakuna aliyewahi kuniambia wenyewe ni akina nani, na mjomba alishafariki.

Inawezekana ndiva ilivuja kwa chini, najua. Kibuyu usianze.

#13 Kibuyu Kitupu

Sijaanza. Nimekaa kimya. Ila ilivuja.

#14 Nyani Mzee

Vijana nawafuatilia toka mwanzo. Ngoja niongeze ambayo si ya bibi, imeandikwa.

Mmisionari Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Aliyekuwa anamwongoza hakuwa na jina la ule weupe, alijua neno moja tu: baridi. Baadaye Rebmann akasimuliwa habari za zamani za Machame, kwamba mtawala mmoja aliwahi kutuma kundi la watu wapande wakaone ule weupe ni kitu gani, maana ilidhaniwa ni fedha. Karibu wote walikufa. Aliyerudi alirudi mikono na miguu imeharibika. Na ilijulikana kuwa ile fedha ukiichota ukashuka nayo inageuka maji.

Meku, hapa mlima haukuomba kitu. Uliombwa, ukatoa, na ulichotoa hakikufika nyumbani. Kuna hadithi kumi ndani ya kibuyu hicho cha maji.

#15 Meku Kijana

Mzee wangu shikamoo, na asante. Lupanga na Nyani Mzee mmenirekebisha, nakubali: mlango unaweza kupigwa kutoka upande wowote. Nilichokishikilia mimi ni huo mlango wenyewe.

Haya, hadithi hii hapa. Kwa wasio wa kwetu, mambo matatu. Mfongo ni mfereji wa asili wa kumwagilia, unatoa maji mtoni juu msituni na kuyapitisha vihambani kwa zamu. Kihamba ni shamba la ukoo, lenye nyumba, migomba, kahawa na makaburi. Na sale ni ule mmea wa majani marefu mnaouona umepandwa mipakani na makaburini. Mchagga akikukosea akakuletea jani la sale lililofungwa fundo, amekuja kuomba radhi, na huna ruhusa ya kumkatalia.

*JANI LA SALE*

Mwaka ule vuli haikunyesha. Nilishuka Himo tarehe 22 Desemba, nikafika nyumbani usiku, na baba hakuniuliza habari za Dar. Alisema, "Zamu yetu ya maji ni leo saa sita. Utakwenda wewe."

Baba alikuwa na miaka kumi na moja hajakwenda mfongoni usiku. Alikuwa akiwalipa vijana. Mwaka ule vijana walikataa pesa, na hakuna aliyesema kwa nini.

Mama alinipa panga na tochi. Alinisindikiza mpaka kwenye masale ya mpaka, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaninong'oneza, "Ukiitwa lile jina la utotoni, maliza kwanza kufungua maji."

Pale pa kugawia maji palikuwa pamezibwa kwa vipande vya mgomba na udongo, kama siku zote. Palikuwa na mtu ameketi juu ya jiwe, miguu ndani ya maji. Nilidhani ni jirani amekuja kuhakikisha siibi dakika zake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, Karanga."

Jina hilo alinipa baba mdogo, kwa sababu ya nilivyokuwa nikimchokoa mifuko. Tangu afe hakuna aliyelitamka. Alianguka korongoni usiku akitoka kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, akiwa na miaka thelathini, hana mke wala mtoto. Mimi nilikuwa na thelathini na minne. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo mtu niliyemzidi umri.

Nilichimbua udongo, nikavuta vipande vya mgomba kimoja kimoja. Maji yakageuka, yakaanza kuteremka kwetu. Yeye hakusogea.

"Baba yako hajambo?"

"Hajambo."

"Bado analala chumba cha upande wa mgomba?"

"Bado."

Akanyoosha mkono. Alikuwa ameshika jani la sale, limefungwa fundo. "Mpelekee. Mwambie naomba radhi."

"Umemkosea nini?"

"Wewe peleka. Kosa atalijua mwenyewe."

Nililipokea. Jani lililokaa usiku mfongoni linakuwa na baridi ya kuuma. Hili lilikuwa na uvuguvugu, kama limetoka mfukoni. Niliinama kuzuia maji yasimwagike pembeni, nilipoinuka hapakuwa na mtu. Umande ulikuwa umelala kila mahali isipokuwa juu ya lile jiwe.

Baba alikuwa jikoni, hajalala. Aliliangalia jani kabla ya kuniangalia mimi. Hakuuliza limetoka kwa nani.

"Umelipokea kwa mkono gani?"

"Wa kulia, baba."

Mama akatua sufuria chini. "Basi limepokelewa," akasema.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kaburi la baba mdogo lilikuwa na masale mawili, moja kichwani, moja miguuni, katika kipande chake cha kihamba. Nilikuwa naenda kucheza pale. Halafu nikaenda shule ya bweni, na niliporudi likizo masale hayakuwepo, mpaka ulikuwa umesogea, na baba alikuwa amejenga nyumba ya tofali.

Asubuhi masale yalikuwa yameota mstari mzima. Yalitoka mfongoni, yakakata uwanja, yakapita jikoni, yakapasua saruji ya sebule, yakaingia chumbani kwa baba na kukigawa kitanda katikati. Baba alikuwa upande wa pili, anatuangalia, hawezi kuvuka.

*Mwisho.*

#16 Mpare wa Mjini

Mkuu!!! "Umelipokea kwa mkono gani." Nimeweka simu chini.

#17 Mlokole86

Niliposema napita nilikuwa napita kweli. Sasa nimesoma hii saa tano usiku na mume wangu yuko safari. Mbarikiwe.

#18 Mtu wa Nyeri

Nimependa kwamba aliyekosewa ndiye anayeomba radhi. Huko ndiko kunaogopesha. Swali: kwa mila yenu, baada ya kupokea jani nini kinafuata?

#19 Meku Kijana

Yanakwisha. Mnaketi pamoja, mnakula, mnakunywa. Ndiyo raha ya sale, na ndiyo ilinifanya niandike: nikajiuliza, ikiwa anayekupatanisha naye amekufa, mnaketi wapi?

#20 Binti wa Lushoto

Kaka naomba nikukosoe, usinichukie.

Hadithi yote uliitembeza polepole. Sauti, jani, uvuguvugu, jiwe kavu. Kitu kimoja kimoja. Halafu mwisho ukafungulia bomba. Masale yanapasua saruji kama sinema, yanakata kitanda, baba amekwama upande wa pili. Nilikuwa naogopa, nikaacha kuogopa nikaanza kutazama. Umeshatuambia kaburi lilikuwa na masale mawili, na umeshatuambia nyumba imejengwa. Sisi tumeshajua kitanda cha baba kimekaa wapi. Huhitaji mstari. Unahitaji sale moja.

Na jibu lako kwa ndugu wa Nyeri ndiyo hadithi yenyewe, umeiacha nje.

#21 Lupanga

Nakazia. Pia baba hajafanya chochote mwishoni, anatendewa tu. Mwenye kosa ni yeye. Mpe kazi.

#22 Nyani Mzee

Binti ana jicho. Mimi niongeze dogo: zamani asiye na mtoto hata kaburi la kihambani lilikuwa la mashaka, wengi walipelekwa porini. Wenye watoto ndio waliozikwa nyumbani, na baadaye mifupa ikafukuliwa ikawekwa chini ya masale. Kwa hiyo baba mdogo kupata yale masale mawili ilikuwa ni heshima ambayo mtu alimpigania. Nani? Nadhani ni huyo huyo kaka yake. Alimpa mwenyewe, akaja kumnyang'anya mwenyewe. Usiiandike, ila uijue unapoandika.

#23 Kibuyu Kitupu

Mimi mstari wa masale niliupenda. Basi, sina elimu.

#24 Meku Kijana

Nimekesha nayo. Nimefuta ile aya ya mwisho yote. Naanzia mama anaposema "limepokelewa", kumbukumbu ya kaburi inabaki kama ilivyo, kisha hivi:

*Kulipokucha baba alituita tumsaidie kusogeza kitanda. Hakusema ni cha nini. Chini yake saruji ilikuwa na ufa mwembamba, na kwenye ufa palikuwa na sale changa, urefu wa kidole, upande ule anakoweka kichwa. Mama aliuliza kama alete panga. Baba akamwambia alete mbege.*

*Jioni aliketi sakafuni kando ya lile sale, akaweka kata mbili. Alitutoa nje kwa heshima, kama mtu mwenye mgeni. Tulimsikia anaongea mpaka usiku mkubwa, si kwa sauti ya kugombana, sauti ya watu wanaokumbushana mambo. Mara moja alicheka. Mama, aliyekuwa amelala macho wazi, akasema hajamsikia akicheka vile tangu wakiwa wachumba, walipokuwa wanatoka watatu.*

*Alfajiri tuliingia. Kata zote mbili zilikuwa tupu. Baba alikuwa amelala ubavu juu ya saruji, mkono wa kulia ameunyoosha mbele, kiganja wazi, kama mtu ambaye bado anapokezwa kitu.*

#25 Binti wa Lushoto

"Walipokuwa wanatoka watatu." Kaka.

Naenda kumaliza ya mama wa Vugha. Msinitafute.

#26 Kibuyu Kitupu

Naondoa neno chai.

Swali moja tu mkuu, na unijibu leo nisikae nalo: zamu ya maji inayofuata anakwenda nani?